Chai ya Bi Saadiya

Mwezi wa Agosti ulimkuta Bi Saadiya Haidar ana alama tatu tu za masomo, naye alizihitaji ishirini kabla mwaka haujaisha. Muuguzi asiyetimiza alama hapewi leseni mpya, na muuguzi asiye na leseni, hata awe amezalisha nusu ya kijiji, ni mama wa kawaida aliyevaa gauni jeupe. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na saba. Miguu ilimvimba kila ikikaribia adhuhuri, goti la kulia lilikuwa na mambo yake lenyewe, na akifikiria kuketi kujifunza habari za dawa alizokuwa akizigawa kwa zaidi ya miaka thelathini, usingizi ulimjia papo hapo.

Zahanati yake iko Mtangani, kijiji kidogo kati ya Chundwa na Kizingitini, katika kisiwa cha Pate. Ina vyumba viwili, kitanda cha kuzalishia, jokofu la chanjo, na yeye. Alikuwapo tabibu, akahamishwa. Ikasemwa atakuja mwengine, na hadi leo njia inatazamwa. Kwa hiyo Bi Saadiya ndiye anayepima, ndiye anayetoa dawa, ndiye anayezalisha, na asubuhi kabla ya wagonjwa kufika ndiye anayefagia. Ijumaa hupanda boti kwenda kwao Lamu mjini, ambako mumewe, Bwana Aqil, fundi wa milango aliyeacha kuchonga kwa ajili ya macho, humuuliza habari za watu asiowajua na kusinzia kabla hajajibiwa. Jumapili hurudi. Amekwenda na kurudi hivyo miaka kumi na tisa, na siku hizi akiulizwa hali hujibu alhamdulillah kwa sauti ya mtu anayetaka mazungumzo yaishie hapo.

Masomo yenyewe yalikuwa kwenye simu. Tatizo ni kwamba ndani ya zahanati mtandao haushiki. Unashika juu ya jabia, lile birika kubwa la kuvunia maji ya mvua lililo nyuma ya msikiti. Basi kila alasiri, akishafunga mlango, Bi Saadiya alipanda zile ngazi nane, moja moja, na mkeka kwapani na miwani kichwani, akaketi juu ya saruji iliyobakiwa na joto la jua na kutia vidude vya masikioni. Watu wakimwona ameinama vile walidhani yumo katika nyiradi, wakapita kimya kwa heshima. Hakuwasahihisha, kwa sababu ndiyo saa pekee katika siku nzima ambayo hakuna aliyemuomba kitu.

Mwalimu wa masomo hayo aliitwa Patroba, mfamasia kijana wa Mombasa. Bi Saadiya hakumpenda mwanzoni. Alikuwa na sauti ya mtu anayelala usingizi wa kutosha. Lakini alijua kazi yake, na alieleza mambo taratibu, bila kujionyesha. Somo la kwanza lilihusu figo za wazee na dawa za maumivu. La pili, dawa za presha. La tatu lilikuwa la watoto na vipimo, na hilo alilisikiliza nusu yake akiwa amefumba macho. La nne lilihusu jinsi dawa inavyotoka tumboni na kuingia katika damu, na kitu gani kinaweza kuizuia njiani.

Katika somo hilo Patroba alifika kwenye vidonge vya damu, vile vyekundu vya madini ya chuma wanavyopewa wajawazito wote. Alisema visinywewe pamoja na chai. Kile kinachoifanya chai iwe kali na kuukausha ulimi, alisema, ni kitu cha aina ile ile iliyomo katika magome ya mikoko yanayotumiwa kulainishia ngozi. Kikikutana na madini ya chuma tumboni huyashika, na sehemu kubwa hutoka na choo bila kuingia mwilini. Chai inywewe saa moja kabla ya kidonge au saa mbili baadaye. Akalisema hilo kwa dakika moja hivi, kisha akaendelea na maziwa na dawa za vijidudu.

Bi Saadiya alirudisha nyuma akasikiliza tena. Akarudisha mara ya tatu. Halafu yakaja maswali ya kupima kama mtu ameelewa, na swali la sita lilikuwa la chai. Alilijibu sawasawa. Simu ikamwandikia hongera na kumwongezea alama mbili.

Sasa, ili mtu aelewe kwa nini alikaa pale juu mpaka mkeka ukamchora miguu, ni lazima ajue habari za ile chai.

Visima vya Mtangani vina chumvi, na maji ya jabia huisha mapema. Alipofika kijijini mara ya kwanza, Bi Saadiya aliona wajawazito wakipewa vidonge vya damu, wakishukuru, wakaondoka navyo. Kisha nyuma ya ua wa makuti akavikuta vimemwagwa, kuku wakividonoa. Hakuwalaumu. Kidonge kina ladha ya msumari, na ukikisukuma kwa maji ya chumvi, kinarudi na chakula cha jana. Mwanamke aliyekwisha kutapika mara tatu tangu alfajiri hataki kutapika mara ya nne kwa hiari yake. Basi akaleta chupa ya chai kutoka nyumbani. Chai ya mkandaa, isiyo na maziwa, nzito, yenye iliki na sukari isiyo na haya. Kila Alhamisi, siku ya kliniki, kila mjamzito alipewa kikombe na kidonge chake, akameza mbele yake, wakacheka, wakazungumza. Na aliwaagiza nyumbani wafanye hivyo hivyo: chakula, kidonge, kikombe cha chai.

Likapendwa hilo. Kuku walikosa vidonge. Wanawake waliokuwa hawaji kliniki wakaanza kuja, wengine kutoka vijiji vya jirani, na dawa hiyo ikapata jina la chai ya Bi Saadiya. Wakubwa walikuja kutoka mjini kuona, wakanywa nao, wakampa cheti ambacho bado kinaning'inia juu ya meza yake. Kama kuna jambo moja katika kazi yake ambalo Bi Saadiya hakulitilia shaka hata siku aliyokuwa amechoka kuliko zote, ni ile chupa ya chai.

Wala si kwamba hakuwahi kufundishwa. Hilo ndilo lililomkaa kooni. Chuoni, zaidi ya miaka thelathini nyuma, lilikuwamo katika daftari lake, mstari mmoja, na alilijibu katika mtihani akapata. Kisha akaja Mtangani na kuku na chumvi, akafanya hesabu yake: kidonge kilichomezwa na chai ni bora kuliko kidonge kilicholiwa na kuku. Hesabu hiyo ilikuwa sawa nusu, na ndiyo maana ikadumu. Nusu ya pili aliiacha itoke kichwani kidogo kidogo, na hapakuwa na mtu wa kumkumbusha, kwa kuwa mtu mwengine aliyesoma mambo hayo hakuwapo.

Aliteremka jabia akaenda kwenye zahanati iliyofungwa, akafungua, akatoa madaftari ya kliniki. Alikuwa akimtafuta mtu mmoja lakini akajifanya anaangalia wote. Wengi damu zao zilipanda. Wanawake wenye afya hupanda hata na chai. Ila kila mwaka walikuwamo wanne, watano, ambao damu ilikaa pale pale mwezi baada ya mwezi. Mbele ya majina yao, kwa kalamu nyekundu, kwa mwandiko wake mwenyewe, palikuwa na maneno mawili: hanywi dawa.

Jina alilolitafuta lilikuwa Rania. Na Rania naye aliandikiwa hivyo hivyo.

Rania alikuwa binti mkubwa wa Bi Mardhiya, mwanamke mjane anayesuka mikeka upande wa magharibi wa kijiji. Miaka miwili nyuma alijifungua salama, kisha akatokwa na damu. Wakamtia katika boti kumpeleka Lamu, boti ikangoja maji yajae katika mkondo, na Rania akafa kabla hawajafika. Damu yake tangu mwanzo ilikuwa haba. Hakuwa na ya kupoteza. Baada ya siku tatu za msiba, Bi Mardhiya alimwuliza Bi Saadiya kwa nini, na Bi Saadiya akamwambia alichokiamini kwa moyo wote. Akamwambia Rania alikuwa hamezi vidonge nyumbani.

Alilisema kwa upole, lakini neno hilo halina upole. Tangu hapo Bi Mardhiya alimwombea mwanawe kila baada ya sala, na akizungumza na watu hakumtaja bila kuongeza kwamba binti huyo alimtazama mama yake machoni akamdanganya. Na sasa binti yake mdogo, Nusra, alikuwa na mimba ya miezi sita na damu yake ilikuwa nane, pale inapotakiwa kumi na moja. Mama mtu alimwendea kwa mumewe kila asubuhi akahesabu vidonge. Alimfungua Nusra kinywa akaangalia chini ya ulimi, kama mtu anunuaye mbuzi. Na mwezi wa Julai, damu ilipokataa kupanda, Bi Saadiya mwenyewe alimkaripia Nusra mbele ya mama yake na mbele ya benchi zima, akamwuliza kama anataka kumfuata dada yake.

Aliyakumbuka maneno hayo, ameketi na daftari magotini. Aliona aibu, aibu ya mtu mzima, ambayo haina pa kukimbilia.

Kesho yake, kutoka juu ya jabia, alimpigia Patroba kwa namba iliyotolewa mwishoni mwa somo. Hakumweleza kisa. Aliuliza tu, kama mwanafunzi mwenye bidii, mjamzito mwenye damu nane anayekunywa vidonge na chai kila siku atakuwaje. Patroba akamjibu vizuri: hakuna awezaye kusema chai peke yake imemfanya nini mtu, ila amnyime chai kwa saa hizo, ampe maji ya ndimu badala yake, ampime tena baada ya wiki chache. Kisha akauliza kama Sista ana mgonjwa wa namna hiyo. Bi Saadiya akasema mtandao unakatika.

Alhamisi iliyofuata chupa ya chai haikuonekana. Palikuwa na jagi la maji ya ndimu, yametiwa sukari. Wanawake wakanung'unika. Bi Saadiya aliwaambia ni utaratibu mpya umetoka juu, na hakuna aliyeuliza zaidi, kwa sababu utaratibu mpya hutoka juu kila mara na huwa hauna maelezo. Akawaagiza chai waiweke mbali na kidonge. Bi Saadiya alimwita Nusra pembeni akamrudilia maagizo mara mbili, akamwandikia katika karatasi. Nusra aliitikia tu.

Bi Saadiya alijiambia basi, yamekwisha. Dawa imerekebishwa, mtoto atazaliwa, mama atapona, na maji yaliyomwagika hayazoleki. Hakuna atakayefaidika kwa kufukua. Watu wakijua Bi Saadiya amekosea la chai, watauliza amekosea lipi jengine. Wataacha chanjo, wataacha vidonge vya presha, watarudi kuzalia majumbani. Hoja hizo zilikuwa za kweli, na alikuwa amechoka. Mtu aliyechoka hahitaji hoja nyingi ili akae kimya.

Wiki tano baadaye alimpima Nusra na mashine ikasema tisa nukta saba. Akaipima tena asiamini macho yake. Ilikuwa kweli, na furaha aliyoisikia ilikuwa ya kweli pia. Kwa muda mfupi goti halikumuuma. Alitoka nje kwenda kumwambia Bi Mardhiya, aliyeketi barazani na wanawake wengine.

Bi Mardhiya aliinuka akamshika mikono yote miwili. Alimshukuru kwa sauti iliyosikika mpaka mwisho wa benchi. "Bora ulivyomkaripia," alisema. "Tangu siku ile amewata urongo. Lau yule nduguye angalipata wa kumkaripia hivyo, yeo angalikuwa hai."

Wanawake wakaitikia, wakamsifu Bi Saadiya. Mmoja akasema watoto wa siku hizi bila ukali hawendi. Nusra alikuwa amesimama mlangoni na kadi yake mkononi, akasikia yote. Bi Saadiya alimrudisha ndani haraka kwa kisingizio cha presha, akamfunga mkono kwa kitambaa cha mashine, akaanza kubinya mpira.

"Bi Saadiya," Nusra alisema, "miye nalikimeza. Tangu mwezi wa kwanda."

Alisema bila kulalamika, kama mtu anayetaja jina lake kwa karani. Bi Saadiya alisahau namba ya presha aliyoisoma, akabidi aanze upya kubinya.

Siku hiyo alifunga zahanati saa tisa na nusu. Hakupanda jabia, ingawa lilibaki somo moja. Alitamani kulala. Alitamani pia awe na mkubwa wa kumtuma, mtu mwenye cheo kikubwa na koti zuri, aende yeye aseme kwa niaba ya wote. Kisha akajifunga buibui na kwenda upande wa magharibi, akitembea polepole kwa sababu ya goti, na kwa sababu hakutaka kufika.

Bi Mardhiya alikuwa ukumbini anasuka. Nusra alikuwa kwa mumewe. Bi Mardhiya alimkaribisha kwa furaha, akamletea chai, na Bi Saadiya akainywa, kwani kukataa kungezua maswali kabla ya wakati wake. Wakaulizana hali za nyumbani, za Bwana Aqil na macho yake. Kikombe kilipokuwa nusu, Bi Saadiya akakiweka chini.

Alianza kwa njia ndefu. Alieleza tumbo, akaeleza damu, akaeleza masomo ya simu, mpaka akajiona anajificha nyuma ya maneno ya kitabibu, akaacha. Mficha uchi hazai. Akasema kwa ufupi kwamba kidonge na chai havipatani, kwamba chai huizuia dawa isifanye kazi, na kwamba ni yeye aliyewafundisha watu wa Mtangani kuvinywa pamoja. Damu ya Nusra imepanda kwa sababu ya kuacha chai, wala si kwa sababu ya makaripio. Nusra alikuwa akimeza siku zote. Alhamisi atawaambia wanawake wote, mbele ya benchi, ila alitaka Bi Mardhiya aisikie kwanza, nyumbani kwake.

Bi Mardhiya hakuacha kusuka. Vidole vilikwenda na kurudi, vikamaliza mstari mzima wa ukili.

"Na Rania?" aliuliza.

Swali hilo Bi Saadiya alikuwa amelitengenezea jibu njiani, lenye tahadhari, la mtu aliyesoma. Alikuwa aseme kutokwa damu kuna sababu nyingi, boti ilichelewa, ajali haina kinga. Alilisema lote, maana ni kweli. Halafu akasema lililobaki.

"Rania nae alimeza, Bi Mardhiya. Nimeangalia daftari na nimeangalia masiku aliyokuja kuvichukua. Vidonge vyote alivimeza, kwa chai, kama nilivyomfundisha. Mimi ndiye niliyekwambia hakumeza. Nilikosa."

Vidole vikasimama. Nje palikuwa na watu wanapita na ndoo, mmoja akapiga hodi ya salamu tu bila kuingia, akapita zake. Bi Saadiya alingoja kufukuzwa. Alikuwa tayari kwa matusi, hata angeyapokea kwa nafuu, kwa sababu matusi yana mwisho.

"Kukusamehe, hilo nitamuomba Mngu, sijui lini," Bi Mardhiya alisema hatimaye. Hakumtazama; alitazama ukili. "Lakini nitakwambia neno. Katika boti, tukingoja mai yayae, kitwa chake kili hapa." Akayagusa mapaja yake. "Akanambia, mama, wallahi nalivimeza. Nami nikamwambia, nyamaa, usife na urongo kinwani. Hakusema tena."

Bi Saadiya alivua miwani akaikunja mkononi.

Bi Mardhiya akauweka ukili kando. Akageuka akamkabili, macho makavu.

"Nambia tena," alisema. "Kwamba alivimeza."

Bi Saadiya akamwambia tena. Alipomaliza, Bi Mardhiya akamwambia arudie.